Magobore ya Mara: Risasi ikikosa, anayelipa ni jirani

Limelazwa juu ya meza, katikati ya mapanga mawili na furushi la nyaya za kutegea. Ni bomba la chuma lililoshika kutu, refu kuliko mkono wa mtu mzima, limekazwa kwenye kitako cha mti kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Pembeni yake upo mdeki, fimbo ya kushindilia baruti, uliotengenezwa kwa nondo nyembamba. Halina namba wala chapa ya kiwanda.

Waandishi wa habari wa Tarime na Mugumu tunaifahamu meza ya namna hii. Tunaitwa na askari, tunahesabiwa vielelezo, tunapiga picha, tunauliza watuhumiwa ni wangapi, tunaondoka. Safari hii niliomba ruhusa nisogee. Niliinama mpaka jicho likawa sawa na mgongo wa bomba, natafuta kilengeo: ile pembe ndogo ya mbele na mfereji wa nyuma, ambavyo mwenye bunduki huvipanga katika mstari mmoja na kile anachotaka kukipiga.

Havikuwepo. Aliyelitengeneza hakuviweka, na hata angeviweka visingemsaidia.

Tumeandika sana juu ya gobore kama silaha haramu, na bila leseni ni haramu kweli. Tusichokiandika ni kwamba gobore ni silaha isiyolenga. Kwa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako nyumba ya mwisho ya kijiji na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti vinatazamana, jambo hilo la pili lina uzito uleule wa la kwanza.

Julai yenye misimu miwili

Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai 1. Katika vitalu vya uwindaji, kama vile vya Pori la Akiba Maswa upande wa kusini wa Serengeti, mgeni aliyeshuka na bunduki yake haendi porini moja kwa moja. Mwindaji bingwa anayemwongoza humpeleka kwanza penye karatasi ya shabaha. Apige, waone risasi zinatua wapi. Bunduki iliyosafiri kwa ndege, kisha ikatikiswa siku nzima kwenye barabara ya vumbi, huweza kuwa imehama bila mwenyewe kujua, na nyati si mnyama wa kugundulia kosa hilo.

Msimu wa pili hautangazwi na ofisi yoyote. Kuanzia Juni makundi ya nyumbu hufika ukanda wa magharibi, yakipita Grumeti na Ikoma. Julai hadi Oktoba mengi huwa yamesogea kaskazini, Kogatende, na Lamai iliyo ng'ambo ya Mto Mara, jirani kabisa na kata za Tarime za Nyanungu, Gorong'a na Kwihancha. Ni wanyama zaidi ya milioni moja. Kitoweo kinapita nyuma ya nyumba ya mtu ambaye bei ya kilo ya nyama buchani inamshinda.

Niseme wazi kwamba silaha kuu ya msimu huo si gobore. Soma hukumu za kesi zilizoanzia Mahakama ya Wilaya ya Serengeti, Mugumu, zikafika kwa rufaa Mahakama Kuu Musoma. Mashtaka yanafanana mpaka unaweza kuyakariri: kuingia hifadhini bila kibali, kupatikana na silaha ndani ya hifadhi, kupatikana na nyara za Serikali. Na silaha zenyewe ni panga, kisu, mkuki, upinde, na juu ya yote nyaya za mitego. Waya hufanya kazi kimya usiku kucha. Gobore likilia mara moja limemwita askari.

Ndiyo maana gobore halipendi kwenda mbali porini. Utalikuta pembezoni, kwenye shamba la mahindi, karibu na zizi, katika vichaka vya kijiji. Utalikuta walipo watu.

> Waya hufanya kazi kimya usiku kucha. Gobore likilia mara moja limemwita askari.

Asubuhi nzima kwa risasi chache

Duniani bunduki za kushindiliwa kupitia mdomo, jamii ya gobore, hazijafa. Nchini Marekani majimbo mengi hutenga msimu wake pekee kwa wawindaji wanaozitumia, na wiki kadhaa kabla ya msimu wenyewe huwa viwanjani wakizipima. Lakini hizo ni bunduki za kiwandani, na ndani ya mitutu yake imechongwa mifereji inayojizungusha kama uzi wa skrubu. Risasi ikipita humo hutoka inazunguka, na kinachozunguka hushika njia yake hewani, kama pia ya mtoto inavyosimama wima maadamu inazunguka.

Kupima kwenyewe huanzia karibu. Mwindaji hubandika karatasi kama mita 25 mbele, huilaza bunduki juu ya magunia ya mchanga ili mtetemo wa mikono usiingie kwenye hesabu, kisha hupiga risasi tatu. Haangalii ile moja iliyobahatika katikati. Huangalia zote tatu zimekaaje. Zikiwa zimesongamana mahali pamoja, hata kama ni pembeni, bunduki ni nzima. Kilichobaki ni kukihamisha kilengeo cha nyuma kuelekea upande anaotaka risasi ziende. Zinapiga kushoto, kinasogezwa kulia. Zinapiga chini, kinapandishwa. Akiridhika, karatasi inasogezwa hadi mita 50, kisha 100, na hesabu inaanza upya.

Katikati ya kazi hiyo yapo mambo mawili ambayo mwindaji makini hayachezei. La kwanza ni kipimo cha baruti, ambacho lazima kiwe kilekile kila mara, kwa sababu kikizidi au kupungua risasi hutua pengine. La pili ni usafi wa mtutu. Baruti nyeusi ni chafu: zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, bali huwa masizi na moshi mzito, na masizi hayo hubana njia ya risasi inayofuata. Kwa hiyo baada ya kila mlio hupitishwa kitambaa. Risasi tatu zinaweza kumaliza nusu saa.

Sasa rudi kwenye lile bomba la mezani. Ndani ni laini, halina mifereji. Goroli ni ndogo kuliko tundu, kwa hiyo husafiri ikigongagonga kuta, na inapotoka hufuata mwelekeo wa mgongano wa mwisho. Baruti imekisiwa kwa kiganja. Risasi yenyewe leo ni goroli, kesho ni kipande cha nondo. Lilaze kwenye magunia ya mchanga kuanzia asubuhi hadi jioni; kila mlio utatua mahali pake, na hakuna kilengeo kinachoweza kurekebisha hilo.

Simdharau fundi wa kijijini. Majeshi makubwa ya Ulaya yalipigana karne nzima na zaidi kwa mitutu laini ya jinsi hiyo. Mwaka 1814 George Hanger, afisa wa jeshi la Uingereza, aliukadiria uwezo wa musketi ambayo mtutu wake haukutobolewa vibaya mno kuwa yadi 80, pengine 100, kwa shabaha yenye ukubwa wa mtu. Zaidi ya hapo aliiona kuwa ni bahati. Ilibidi ifike 1849, Mfaransa Claude-Étienne Minié alipobuni risasi inayotanuka na kung'ang'ania mifereji ya mtutu, ndipo bunduki ya kushindiliwa yenye mifereji ikawa silaha ya askari wa kawaida.

Tofauti ni kwamba askari wale walipanga mstari mamia kwa mamia, wakafyatua kwa pamoja, wakitegemea kwamba katika wingi wa risasi baadhi zitampata adui. Mkulima wa Gorong'a yuko peke yake, gizani, na ana risasi moja.

Walichoachiwa babu zetu

Magobore yaliingia bara karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani. Ulaya ilikuwa inabadilisha silaha, na za zamani zikatafutiwa soko. Bunduki iliyochoka huko ikawa mali huku, ikanunuliwa kwa pembe na kwa watu.

Halafu ikaja Julai 2, 1890. Siku hiyo mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa, na ndani yake yakazuia silaha kuingia katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Mara ipo ndani ya eneo hilo. Lakini waliacha mlango mmoja. Bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa. Kilichofungiwa hasa ni bunduki yenye mifereji, ile inayolenga.

Nimeufikiria sana mlango ule. Waafrika waliachiwa silaha ambayo wenye kuiachia walijua haina shabaha. Miaka 15 baadaye, katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wapiganaji wa kusini walikwenda na magobore, mikuki na mishale mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani. Huku kwetu Wajerumani hao walikuwa na ngome yao Ikoma, ambayo jina lake lingali likitajwa na kila dereva wa watalii.

Mwindaji wa asili wa Mara, kwa upande wake, hakuhitaji gobore. Waikoma, Wanata na jirani zao waliwinda kwa mashimo ya kunasia, kwa mkuki, na kwa mshale wenye sumu, wakapeleka nyama kavu na mikia ya nyumbu kuibadilisha na Wasukuma. Katika jamii kadhaa za mkoa huu walikuwepo Waturi, koo za wahunzi, waliofua majembe na ncha za mishale. Mshale ule ulikuwa na shabaha. Kijana aliujaribu utotoni, akakosea mamia ya mara kabla ya kuruhusiwa kuongozana na wakubwa.

Tarime ina sura yake nyingine. Wakurya walijiunga kwa wingi na jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), baadaye Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu wizi wa ng'ombe katika mpaka wa Tanzania na Kenya, ameeleza jinsi bunduki za kisasa zilivyoingia kwenye wizi huo baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Aliyefunzwa jeshini anajua shabaha ni nini. Gobore lilibaki kwa asiye na mafunzo, asiye na fedha, na asiye na mtu wa kumtegemea usiku.

Tembo hangoji gari la askari

Na huyo mwenye gobore ana hoja. Wakulima wa vijiji vya wilaya ya Serengeti vinavyopakana na hifadhi na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, kuanzia Robanda hadi Bonchugu, wanaeleza jambo moja kwa maneno mengi. Tembo huja baada ya giza. Familia moja ya tembo ikilala shambani usiku mmoja, chakula cha mwaka kimekwisha. Askari wanyamapori ni wachache, gari ni moja, kijiji kiko mbali. Msaada ukifika asubuhi unakuta nyayo.

Mwaka 2011 zilitungwa kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi. Ziliweka malipo ya mazao kati ya Sh25,000 na Sh100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka mpakani, kwa ekari zisizozidi tano, na Sh1,000,000 kwa familia iliyopoteza mtu. Kwa viwango hivyo aliye karibu zaidi na mpaka ndiye aliyelipwa kidogo zaidi, na huyo ndiye anayevamiwa mara nyingi zaidi. Malalamiko ya kucheleweshwa kwa malipo yamesikika hadi bungeni.

Kwa hiyo mkulima husema gobore lake ni la mlio tu. Hulishindilia baruti, hulielekeza juu, tembo anasikia na kuondoka. Naamini wengi wao wanasema kweli. Ila najua pia, kama anavyojua kila aliyelala kwenye kibanda cha ulinzi, kwamba tembo huzoea. Mlio wa kwanza hukimbia, wa tano hugeuza masikio, wa kumi huendelea kula. Hapo ndipo goroli inapoingia kwenye bomba, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu ni nadra goroli ile kumuua tembo palepale. Mara nyingi humuumiza na kumkasirisha tu.

Polisi na wahifadhi nao wana lao. Silaha haikai shambani. Iliyofukuza nyani mchana inaweza kuazimwa usiku kwa kitoweo, kisha kwa ng'ombe wa jirani, na Tarime inazikumbuka vizuri siku za mapigano ya koo. Hilo siwezi kulikataa.

Zipo njia nyingine, na baadhi ya vijiji vinazitumia: tochi za mwanga mkali, honi, pilipili ya kuchoma na ya kupaka kwenye kamba za uzio, mizinga ya nyuki, vikundi vya vijana wanaolinda kwa zamu. Zinahitaji watu wengi walioamka pamoja. Gobore linahitaji mtu mmoja, na ndiyo sababu bado lipo.

> Mlio wa kwanza hukimbia, wa tano hugeuza masikio, wa kumi huendelea kula.

Miaka 20

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitofautishi gobore la bomba na bunduki ya kisasa pale mtu anapokuwa hana leseni. Zaidi ya hayo, kosa hilo linaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi. Tangu sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30.

Sisemi sheria ilegezwe kwa jangili. Serengeti iliwahi kupoteza nyati na tembo wengi sana miaka ya 1970 na 1980, na hakuna mtu wa Mara anayepaswa kutamani enzi hiyo irudi. Lakini adhabu nzito ina athari nyingine ambayo sisi waandishi hatujaitazama. Inafunga midomo, na gobore ni silaha ambayo madhara yake yanahitaji watu waseme.

Nyati kichakani

Chukua mfano wa nyati. Mwindaji mwenye leseni akimjeruhi mnyama hatari, sheria ya wanyamapori inamtaka amfuate na kummaliza, na akishindwa atoe taarifa kwa mamlaka. Kanuni hii ina busara kubwa. Nyati aliyejeruhiwa haendi mbali. Hutafuta kichaka kizito, hujificha humo na maumivu yake, na anayetokea mbele yake baadaye hulipa kosa la mtu mwingine.

Mwenye gobore atatoaje taarifa? Atamwambia mtendaji wa kijiji kwamba jana usiku nilimpiga nyati karibu na kisima, nikamkosa moyo, nikampata paja? Neno la pili tu limeshampeleka mahakamani. Anarudi nyumbani, anaficha bomba kwenye paa, ananyamaza. Asubuhi akina mama wanakwenda kuokota kuni na watoto wanapeleka ng'ombe mtoni, na hakuna aliyewaambia.

Ni hivyo hivyo kwa mwenye gobore mwenyewe. Bomba la maji halikufuliwa kuhimili baruti. Likipasuka hupasuka karibu na uso na kiganja cha kushoto. Majeruhi wa namna hiyo akifika hospitali ataombwa fomu ya polisi namba tatu, PF3, na kwenye PF3 lazima ieleweke ameumiaje. Wapo wanaochagua kubaki ndani na kidonda kilichojaa masizi, wakifunga kitambaa na kusubiri.

Kwa vipindi tofauti Serikali imetoa msamaha kwa anayesalimisha silaha haramu kwa hiari, na kila mara magobore yamepelekwa. Nauliza kwa nini mlango huo uwe wa vipindi. Tembo haji kwa vipindi vya msamaha. Wilaya zinazopakana na hifadhi zinastahili mlango uliofunguliwa mwaka mzima, kupitia kwa wazee na viongozi wa dini, na sambamba nao kikosi cha kufukuza wanyama kinachoweza kufika kabla ya alfajiri. Na zinastahili namba ya simu ambayo mtu atapiga aseme nyati mgonjwa yuko mahali fulani, kisha akate bila kuulizwa yeye ni nani wala amejuaje.

Mkuu wa kituo mmoja anaweza kuianzisha namba hiyo kesho. Haihitaji bajeti ya Bunge.

Siku ile ya mezani nilikaa mpaka vielelezo vilipoandikwa. Gobore moja. Mdeki mmoja. Kifuko chenye baruti. Goroli tano. Askari kijana alikuwa anazihesabu kwa ncha ya kalamu, moja baada ya nyingine, na mwenzake anaandika.

Mdomo wa bomba ulikuwa mweusi, na harufu ya baruti iliyoungua ilikuwa haijaisha. Niliuliza kama kuna aliyekwenda kutafuta lilipopigiwa. Askari yule aliniangalia, akamwangalia mwenzake, kisha akarudi kwenye goroli zake tano.